Chia: Anza na Kijiko Kimoja

Mwezi haupiti siku hizi bila mtu kuja ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu iitwayo chia. Wengine wameisikia redioni, wengine wameletewa habari na watoto wao wanaofanya kazi Nairobi, na wengine wameiona dukani pale Nyeri mjini, imetiwa katika pakiti ndogo na kuandikwa bei inayomfanya mtu airudishe mahali pake. Wote huuliza swali moja: je, inaota kwetu?

Jibu ni kwamba inaota. Mimi mwenyewe nimeipanda nyuma ya nyumba hapa Ruring'u kwa misimu mitatu. Msimu wa kwanza nilikosea, wa pili nikakosea kwa namna nyingine, na wa tatu nikavuna. Lakini hilo la kuota ndilo jepesi. Lililo gumu ni kujua kiasi gani kipandwe, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha zao.

Mwezi wa Septemba alikuja mzee mmoja mwenye shamba katika skimu moja ya Kieni. Aliketi, akatoa mfuko wa karatasi ndani ya koti, akauweka mezani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Karani," akasema, "nasikia wewe ulisomea ualimu. Nipigie hesabu."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kilo mbili za chia. Alikuwa ameinunua kwa mtu aliyepita na gari, shilingi elfu mbili kila kilo, na mtu huyo alimwahidi kwamba wakati wa mavuno atarudi kununua yote. Mzee alikuwa na nusu eka aliyoilima tayari kwa viazi. Alikusudia kuviacha viazi apande chia mahali pake.

Nikamwuliza, "Alikuandikia karatasi yoyote, Mzee?"

"Alinipa namba ya simu."

Tukaipiga namba ile palepale. Haikupatikana. Tukaipiga tena baada ya chai, nayo haikupatikana.

Basi tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Eka moja yatosha kupandwa kwa kilo moja hadi mbili za mbegu. Kwa hiyo mzee alikuwa ameuziwa mbegu ya eka nzima na zaidi, naye alikuwa na nusu eka tu. Tena chembe za chia ni ndogo mno. Chembe elfu moja hazifiki gramu mbili. Kijiko kimoja cha mezani ni kama gramu 12, na ndani yake mna chembe zaidi ya 8,000. Sasa chukua bustani ya nyumbani yenye urefu wa hatua kumi na upana wa hatua tano. Ukipanda kwa mistari na kupunguza miche inavyotakiwa, bustani hiyo itachukua mimea kama 400. Maana yake ni kwamba kijiko kimoja kinatosha, na kitabaki cha kumpa jirani.

Mzee alikitazama kijiko cha sukari kilichokuwa mezani, akautazama mfuko wake, akacheka kidogo. Halikuwa cheko la furaha.

MMEA WENYEWE

Chia si kitu kipya duniani, ingawa kwetu ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Guatemala, ambako watu waliilima karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Waazteki waliihesabu pamoja na mahindi na maharage kuwa chakula chao kikubwa, na miji iliyokuwa chini yao ilitoa kodi kwa chia. Baadaye kilimo hicho kilififia, kikabaki vijijini tu, hata miaka ya 1990 wataalamu wa kilimo wa Argentina na Marekani walipoanza kukifufua. Mwaka 2009 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu chia itiwe katika mkate, na tangu hapo jina lake likaenea upesi. Kabla ya hapo Wamarekani wengi waliijua kwa mchezo tu: waliipaka juu ya vyungu vyenye sura ya wanyama, ikachipua kama manyoya ya kijani. Sijaona mkulima wa Nyeri mwenye nafasi ya mchezo huo.

Ni wa jamaa moja na mrehani na minti. Ushike shina lake kwa vidole viwili utaona lina pembe nne, halikuviringana. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, kingo zake zina meno, na ukiyafikicha yanatoa harufu. Hukua hata kufikia kifua cha mtu mzima. Maua yake ni ya zambarau, au meupe, nayo hutoka katika masuke marefu. Nyuki huyapenda sana. Kama una mizinga, bustani ya chia haitakuwa hasara kwako hata ukisahau kuivuna.

Kuna jambo moja kuhusu mmea huu ambalo huwafurahisha watu ninapolieleza. Chia hungoja mchana uwe mfupi ndipo itoe maua. Kule Ulaya mchana wa kiangazi ni mrefu mno, kwa hiyo chia iliyopandwa huko hukaa ikitoa majani tu, na wakati inapoanza kuchanua, baridi inakuja kuiua kabla ya kukomaza mbegu. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mstari wenyewe unapita pale Nanyuki. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, ukizidi au kupungua ni dakika chache tu, mwaka mzima. Basi kwetu chia huchanua msimu wowote itakaopandwa. Bustani ndogo ya Ruring'u ina neema hiyo, na mkulima wa London hana.

Hata hivyo kuchanua si kuvuna, na hapa nitasimulia makosa yangu.

KUPANDA

Msimu wa kwanza nilipanda chia kama nilivyozoea kupanda maharage. Nilichimba mashimo kwa jembe, nikatia mbegu, nikafunika kwa udongo wa inchi mbili na kungoja. Nilingoja sana. Ikatoka miche kumi na mmoja tu. Mtu aliyepitia chuo cha ualimu na kuwaeleza watoto ubaoni kwamba mbegu ndogo hufunikwa kwa udongo kidogo, alilisahau somo lake mwenyewe alipotoka darasani.

Yafaa ufanye hivi. Lima mahali penye jua la kutosha, uvunje mabonge yote, usawazishe udongo kwa reki hata uwe laini. Udongo wetu mwekundu wa upande wa Nyeri na Tetu unaifaa chia kwa sababu haushiki maji. Walio na udongo mweusi, ule unaonata katika mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, wainue matuta kwanza, maana chia haivumilii kusimama ndani ya maji. Mbolea ya zizi iliyooza vizuri ndoo mbili tatu zinatosha kwa bustani ile ya hatua kumi kwa tano. Usizidishe. Chia iliyoshibishwa mno hurefuka, ikaanguka upepo unapovuma, na masuke yake yakalala matopeni.

Chora mistari kwa ncha ya kijiti, isiyofika nusu inchi kwenda chini, na kutoka mstari hadi mstari acha futi moja na nusu. Kwa kuwa mbegu ni ndogo sana na huponyoka vidoleni, changanya kile kijiko kimoja na kopo la mchanga mkavu, kisha nyunyiza mchanganyiko huo mstarini kama mtu anayetia chumvi. Funika kwa udongo kiasi cha kuificha mbegu tu. Tena usiloweke mbegu kabla ya kupanda, kama wengine wanavyofanya kwa mbegu nyingine. Chia ikipata maji hujivika ute, chembe zote zikashikamana kama uji, wala hutaweza kuzitenga.

Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, polepole, asubuhi au jioni. Ukimwaga maji kwa karai utaihamisha mbegu yote hadi pembeni. Kwa muda wa wiki moja hivi uso wa udongo usikauke. Baada ya hapo utaona vijani viwili viwili vya mviringo.

Miche ikifika urefu wa kidole, punguza, uache mmoja kila inchi tisa au kumi. Watu huona uchungu kung'oa kilichoota, nami nawaelewa, lakini miche iliyosongamana hutoa mashina membamba na masuke mafupi. Ile uliyoing'oa waweza kuipandikiza mahali penye pengo, jioni, na kuitilia maji.

Kazi kubwa ni ya palizi. Katika wiki sita za mwanzo chia hukua polepole, na magugu hayaingoji. Palilia mara mbili, hata tatu kama mvua ni nyingi. Majani yakishaziba nafasi kati ya mistari, chia yenyewe huyafunika magugu na wewe waweza kupumzika. Wadudu hawaisumbui sana kwa ajili ya ile harufu ya majani. Adui niliyemwona mimi ni yule kiwavi mnene anayekata miche usiku karibu na ardhi. Ukiona mche umelala asubuhi, fukua kwa kidole hapo hapo shinani, utamkuta amejikunja. Sikutia dawa yoyote, wala sishauri itiwe, maana mbegu hii huliwa nzima bila kumenywa, na nyuki wako mauani.

WAKATI WA KUPANDA NDIO WAKATI WA KUVUNA

Msimu wa pili nilipanda vizuri, lakini nilipanda mwezi wa Aprili, katika mvua ya njahi. Ikaota yote. Ikachanua vizuri hata watu waliokuwa wakipita kwenda uwanja wa Ruring'u walisimama kuuliza ni maua gani. (Uwanja huo ndio ule ambao wapiganaji wa msituni walikuja kuweka silaha zao chini mwezi wa Desemba 1963, wazee wanaokumbuka siku ile wangali wapo.) Lakini chia huchukua kama miezi minne, na huku kwetu kwenye baridi huongeza wiki kadhaa. Miezi minne kutoka Aprili ni Agosti. Kila mtu wa Nyeri aijua Agosti yetu: ukungu, manyunyu, na jua lisiloonekana hata saa sita.

Masuke yalikomaa ndani ya manyunyu hayo. Mbegu zikapata maji zikiwa bado sukeni, zikajivika ute, zikashikamana, na nyingine zikaanza kuchipua hapo hapo juu. Nilipura nikapata vibonge vyeusi vya kunata. Kuku hawakuvitaka.

Kwa hiyo hesabu yako ianze mwishoni. Jiulize ni mwezi gani una jua la kukaushia, kisha urudi nyuma miezi minne na nusu. Kwa sehemu za Nyeri na Kieni, jua hilo ni la Februari. Basi panda mvua ya mwere inapoanza, katikati ya Oktoba, wala usichelewe hata Desemba. Kwa wale wenye mashamba ya mabondeni huko juu, ambako Januari umande huganda juu ya majani usiku wa mbingu safi, chagueni mahali pa mwinuko karibu na nyumba, maana chia haiwezi baridi ya namna hiyo. Usiku mmoja tu wa barafu waweza kuichoma yote.

Utajua imekomaa maua yanapopukutika na masuke mengi kugeuka rangi ya kahawia. Usingoje yote yakauke kabisa, kwa sababu yale ya mwanzo yataanza kumwaga mbegu. Kata masuke kwa kisu kikali, asubuhi umande ukishaondoka, uyatandaze juu ya turubai au gunia lisilo na tundu. Yakaushe jua la siku nne au tano, na kila jioni uyaingize ndani. Kisha pura kwa fimbo nyepesi, uchekeche kwa chekeche ya unga, umalizie kwa kupepeta kwa ungo. Hapo kwenye kupepeta nawaachia kina mama, nami nasema hivyo kwa heshima. Nilipojaribu mimi, upepo ulichukua makapi na mbegu pamoja. Jirani yangu aliniondolea ungo mikononi bila neno, akamaliza kazi kwa muda wa robo saa.

Mbegu njema ni za kijivu zenye madoa meusi, au nyeupe. Zile za rangi ya kahawia isiyo na madoa hazikukomaa. Usiziweke kwa mbegu.

Je, utapata kiasi gani? Wauzaji wa mbegu hutaja magunia kwa magunia. Huko Amerika ya Kusini, ambako hulimwa katika mashamba makubwa, mavuno ya kawaida ni kilo 500 hadi 600 kwa hekta, yaani kilo 200 na kitu kwa eka. Kwa bustani yetu ya hatua kumi kwa tano hesabu hiyo yaleta kilo mbili na nusu au tatu. Mimi katika msimu wa tatu nilipata kilo mbili na robo, na niliridhika.

KUILA

Kilo mbili na nusu ni vijiko kama 200. Nyumba yenye watu watano, kila mtu akila kijiko kimoja kila siku ya pili, itakula kwa karibu miezi mitatu. Si haba kwa kipande cha ardhi ambacho pengine kilikuwa kimeota majani ya kikuyu tu.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba chia hailiwi kavu. Mbegu hii hunywa maji hata mara kumi ya uzito wake. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtu aliyemeza kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji; mbegu zikavimba zikamziba koo, ikabidi atibiwe hospitali. Tia kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji, koroga, ngoja robo saa, koroga tena, ndipo unywe, na ndimu kama unayo. Au uitie ndani ya uji ukishaepua, uuache ukae kidogo. Watoto wadogo na wazee wenye shida ya kumeza wasipewe mpaka imelainika kabisa. Na mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kuzuia damu isigande amwulize daktari wake kwanza.

Je, ni dawa ya kila ugonjwa, kama wasemavyo wauzaji? La. Ni chakula kizuri. Katika gramu 100 za chia mna protini kama gramu 17, mafuta gramu 31, na nyuzinyuzi gramu 34 zinazosaidia tumbo. Mafuta yake mengi ni ya aina ile ya omega-3, ingawa yale ya samaki hutumiwa na mwili kwa urahisi zaidi. Husifiwa pia kwa kalsiamu inayojenga mifupa, na ni kweli inayo, kama miligramu 630 katika gramu 100. Lakini ni nani alaye gramu 100? Kijiko kimoja kina kama miligramu 75. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe wako kina kama 300. Nimemwona mtu aliyepeleka maziwa yote ya asubuhi kwenye gari la maziwa, kisha jioni akanunua pakiti ya chia ili watoto wapate nguvu. Vijiko vinne vya chia ndivyo vinavyolingana na kikombe kimoja cha yale maziwa aliyoyauza.

Iweke katika kopo kavu lenye kifuniko. Ikiwa nzima hukaa muda mrefu bila kuharibika, lakini ukiisaga, saga ya siku chache tu, maana unga wake hupata harufu mbaya upesi.

BEI

Sasa narudi kwa yule mzee na nusu eka yake.

Wengi wetu wa upande huu tumeyaona mambo haya zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 watu waliambiwa kwamba yai moja la kware lina thamani hata ya shilingi 100 na kwamba linaponya kila kitu. Watu walichukua vibali, wakajenga vibanda, wengine wakauza ng'ombe. Kabla ya mwaka 2014 kufika mbali, yai hilo halikupata hata shilingi 10, na kware wakafunguliwa waende zao. Waliopata fedha ni wale waliouza kware wa kuzalisha, si waliouza mayai.

Kuhusu chia yenyewe tunao mfano wa jirani. Wakulima wa Uganda waliingia katika kilimo hicho kabla yetu, na kwa miaka michache bei ilikuwa nzuri sana. Wakaongezeka. Mwaka 2023 bei ikaanguka vibaya, na wengi, hasa wa kaskazini, wakabaki na magunia ndani ya nyumba zao. Hawakulima vibaya. Walilima vizuri, nao walikuwa wengi, na wanunuzi walikuwa wachache. Tena kumbuka kwamba soko la ng'ambo halikungoji wewe peke yako. Paraguay, Bolivia na Argentina hulima chia kwa mashine katika mashamba makubwa.

Sisemi kwamba chia haiuziki. Kilo tano au kumi waweza kuziuza bila gari la mtu yeyote, katika pakiti ndogo, kwa majirani, kwa walimu, kwa wenye maduka ya mjini, kwa wageni wa Maonyesho ya Kabiru-ini. Ninayoyasema ni ya eka. Mtu akija kwako na mbegu mkononi na ahadi ya kununua, mwulize: bei ni ngapi kwa kilo, nani atalipa gari, fedha zitalipwa siku ngapi baada ya kupima, na msimu uliopita alinunua kwa nani. Kisha aandike, atie sahihi, aweke namba ya kitambulisho chake, na mashahidi wawili watie sahihi. Mnunuzi wa kweli hatakasirika. Na akikupa jina la mkulima aliyemwuzia, nenda ukamwone huyo mkulima, hata kama yuko Solio au ng'ambo ya Naro Moru. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko nusu eka.

Mzee alinisikiliza kimya. Halafu akasema, "Mwalimu, sisi tulipewa eka hizi baba yangu akiwa angali na nguvu. Tuliambiwa pareto, tukapanda pareto. Ilitulipa, watoto wakasoma. Kisha ikawa tunapeleka maua na fedha haziji, mwaka, miaka miwili. Mimi si mtoto wa kudanganywa. Lakini mtu akikaa muda mrefu bila fedha, masikio yake yanafunguka upesi."

Sikuwa na jibu la maneno hayo. Nilichukua chembe 100 za mbegu yake, nikazipanga juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya kisahani, nikakifunika. Hivyo ndivyo kila mtu aweza kujua mbegu yake kama i hai kabla ya kuipeleka shambani. Baada ya siku saba zilikuwa zimechipua 64. Zingekuwa 85 au 90 ningesema ni mbegu njema. Hizi zilikuwa za kukaa ghalani, huenda zilinunuliwa dukani kama chakula na kutiwa katika mfuko mwingine. Hazikuwa na rangi ya dawa wala harufu, na mzee alisema kwamba mkewe alikwisha kuzionja katika uji kabla hata hajaja kwetu, naye alikuwa mzima.

Alipanda viazi vyake katika nusu eka, Shangi, kama alivyokusudia hapo awali. Chia alipanda vijiko viwili kwa sababu ya ile 64, kando ya nyumba, mahali palipokuwa na kibanda cha kuku zamani. Mwishoni mwa Februari alinijia tena, akiwa na kopo la majani ya chai limejaa mbegu za kijivu, safi, zilizopepetwa vizuri kuliko zangu. Viazi alikuwa ameviuza Januari kwa bei ya kawaida, si mbaya. Ile namba ya simu bado haipatikani. Katika kilo mbili za mfuko ule, iliyobaki wanaila katika uji, na mkewe anasema itawafikisha hata mvua ya njahi.

Aliniachia kopo lile. Nami nimeligawa katika bahasha ndogo za kijiko kimoja kimoja, nazo zimo ndani ya saraka ya meza yangu. Mkulima wa skimu anayetaka kujaribu, na aje na kopo la mchanga mkavu, nitampa bahasha moja. Tafadhali asije kabla ya mwisho wa Septemba, wala asije kuomba mbili.